Askari Anapomgeukia Mwenye Boma: Jinsi Ugonjwa wa Lupasi Unavyoanza

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Kama umekaa, chukua kalamu na karatasi, kwa sababu kuna mambo ambayo ni vizuri uyaandike.

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa uitwao lupasi. Wengi hawajausikia. Wengine wamelisikia jina tu hospitalini, wakarudi nyumbani na dawa mkononi na maswali kichwani. Swali ambalo akina mama huuliza zaidi ni hili: "Sista, nimeambiwa kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inanishambulia. Kinga si ndiyo inayotulinda? Imenigeukaje?"

Ni swali zuri, na jibu lake lina faida kubwa. Mama anayeelewa kwa nini kinga imemgeuka hutumia dawa zake vizuri. Asiyeelewa huambiwa na jirani kwamba kinga yake imeshuka, naye huacha dawa za hospitali na kununua za "kuongeza kinga". Miezi michache baadaye anarudi miguu imevimba na figo zimeumia. Kwa hivyo tusikilizane vizuri.

KINGA YA MWILI NI NINI?

Mwili wako ni kama boma lenye askari. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kuzunguka kila mahali, kutafuta adui na kumwangamiza. Adui ni vijidudu, yaani bakteria, virusi, kuvu na vimelea kama vile vya malaria.

Askari hawa wako wa aina nyingi, lakini leo tutaje aina mbili. Aina ya kwanza huitwa chembe T. Hizi ndizo hutoa amri, na nyingine huua chembe zilizoingiwa na virusi. Aina ya pili huitwa chembe B. Hizi hutengeneza kingamwili. Kingamwili ni kama mishale midogo inayoelea katika damu na kumnasa adui mmoja maalum. Ukimpeleka mtoto kliniki kuchanjwa surua, chembe B zake hujifunza kutengeneza mishale ya kunasa virusi vya surua.

Sasa hapa kuna jambo la ajabu. Mwili haujui kesho utavamiwa na kijidudu gani. Kwa hivyo hutengeneza askari wa kila namna, mamilioni kwa mamilioni, kila mmoja na silaha yake tofauti, bila kuchagua. Ni kama mhunzi anayetengeneza funguo nyingi ovyo ovyo akitumaini mmoja utafungua kufuli lolote litakalokuja. Faida yake ni kwamba hata kijidudu kipya kitapata askari wa kukikabili. Hasara yake ni kwamba baadhi ya askari hao huzaliwa na silaha inayolenga ngozi yako, figo zako au damu yako.

Ndiyo kusema kila mmoja wetu, hata mzima wa afya, huzalisha askari wanaoweza kumshambulia. Basi kwa nini wengi wetu hatuugui? Kwa sababu mwili una njia za kuwafundisha askari wavumilie vitu vya nyumbani. Uvumilivu huo ndio unaovunjika katika lupasi.

ASKARI WANAVYOFUNDISHWA

Makurutu wote huzaliwa ndani ya uboho, ule ute laini ulio katikati ya mifupa. Chembe T hutoka huko zikaenda katika chuo chao cha mafunzo, tezi ndogo iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hii ni kubwa na ina kazi nyingi utotoni, kisha husinyaa mtu anapokua.

Ndani ya thaimasi kila kurutu huonyeshwa vipande vya vitu vya mwili wenyewe, vya ini, vya ngozi, vya kongosho na kadhalika. Ni kama kuonyeshwa picha za watu wa boma. Kurutu akitaka kuwashambulia kwa nguvu, haruhusiwi kutoka. Huuawa hapo hapo. Wengine huondolewa kwa sababu silaha zao hazifai kazi yoyote. Mtihani huu ni mkali sana. Zaidi ya makurutu 9 kati ya 10 hawahitimu.

Chembe B hufanyiwa mtihani wao ndani ya uboho. Anayelenga vitu vya mwili hupewa nafasi ya kubadilisha silaha yake. Asipoweza, huondolewa.

Hata hivyo hakuna mtihani usioachilia mtu. Wapo askari wabaya wachache wanaopenya na kuingia katika damu. Kwa ajili ya hao mwili umeweka vizuizi viwili zaidi.

Kizuizi cha kwanza ni amri mbili. Askari haruhusiwi kushambulia kwa sababu tu ameona kitu kinacholingana na silaha yake. Lazima pia apate ishara ya pili kwamba kuna hatari kweli, kwa mfano kijidudu kimeingia au kuna jeraha. Akiona kitu cha mwili mahali penye utulivu bila ishara ya pili, hulegea na kubaki hivyo.

Kizuizi cha pili ni askari watulizaji. Hizi ni chembe T za pekee ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Mwaka 1995 mtafiti wa Japani, Shimon Sakaguchi, alionyesha kwamba zipo na zina kazi muhimu. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni iitwayo Foxp3 ambayo, kama ilivyobainika baadaye, ndiyo inayoziongoza chembe hizo. Watoto wachache sana, karibu wote wa kiume, huzaliwa na jeni hii ikiwa mbovu. Wangali wachanga hupata kisukari, kuhara kusikokoma na magonjwa ya ngozi, kwa sababu askari wao hawana wa kuwatuliza. Kwa kazi hiyo watafiti hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

KATIKA LUPASI, NI WAPI MAMBO HUHARIBIKA?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tufuate hatua kwa hatua tuone.

Hatua ya kwanza ni takataka zisizozolewa. Kila siku mabilioni ya chembe za mwili wako huzeeka na kufa. Hilo ni jambo la kawaida. Kuna chembe wazoaji ambao hula mabaki hayo haraka kabla hayajapasuka na kumwaga vilivyomo. Kwa mtu mwenye lupasi, uzoaji huu huwa wa polepole. Mabaki hubaki, hupasuka, na vitu vilivyokuwa vimefichwa ndani ya kiini cha chembe, hasa DNA, hutoka nje. Tunajua hatua hii ni ya maana kwa sababu watoto wachache wanaozaliwa bila protini ya damu iitwayo C1q, ambayo husaidia uzoaji, wengi wao hupata lupasi.

Hatua ya pili ni kengele ya uongo. DNA yako iliyomwagika hufanana na DNA ya virusi. Mwili huidhania kuwa ni uvamizi. Hupiga kengele kwa kutoa kemikali iitwayo intaferoni, ile ile inayotolewa unaposhikwa na homa ya mafua. Sasa ishara ya pili ya hatari ipo, ingawa hakuna adui.

Hatua ya tatu ni askari wabaya kuamka. Wale wachache waliopenya mtihani, waliokuwa wamelegea, sasa wameona kitu wanachokilenga na pia wamesikia kengele. Askari watulizaji wanazidiwa nguvu. Chembe T zinazipa chembe B msaada, na chembe B zinaanza kutengeneza mishale ya kunasa DNA na vitu vingine vya kiini.

Hatua ya nne ni madhara. Mishale ikinasa DNA inayoelea katika damu, hufanya mabonge madogo sana. Mabonge haya hubebwa na damu na kukwama kwenye mishipa myembamba ya figo, ya ngozi na ya viungo. Pale yanapokwama, uvimbe unaanza. Mishale mingine hushambulia chembe za damu moja kwa moja, na mama anapungukiwa damu.

Na uvimbe huo nao unaua chembe nyingine, takataka zinaongezeka, kengele inalia zaidi. Ndiyo sababu lupasi haipoi yenyewe kama mafua. Mafua yana virusi ambavyo vikiisha, vita vinaisha. Hapa adui ni mwili wenyewe, na mwili hauishi.

Mambo haya huanza kimya kimya. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichunguza damu ya zamani iliyohifadhiwa ya wanajeshi 130 ambao baadaye walipata lupasi. Kwa 115 kati yao, kingamwili hizo mbaya zilikuwamo katika damu kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na kwa wengine miaka mingi kabla.

Lupasi si ugonjwa pekee wa namna hii. Kisukari kinachowapata watoto na vijana na kuhitaji sindano za insulini tangu mwanzo, kile cha aina ya kwanza, mara nyingi ni kinga iliyoshambulia kongosho. Ugonjwa wa baridi yabisi unaopinda vidole ni kinga iliyoshambulia viungo.

NANI HUPATA NA KWA NINI?

Kati ya watu wazima 10 wenye lupasi, 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 44. Huo ndio umri wa kuzaa na kulea. Sababu moja ni homoni za kike. Sababu nyingine ni kwamba mwanamke ana kromosomu mbili za X. Moja huzimwa, lakini si jeni zake zote huzimika, na baadhi ya hizo ni jeni za kinga. Lakini wanaume na watoto pia hupata, na kwa watoto ugonjwa huwa mkali zaidi.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema lupasi ni adimu Afrika. Sasa tunajua kwamba mara nyingi ilikuwa haitambuliwi tu. Huko Marekani imeonekana wazi kwamba wanawake weusi hupata lupasi zaidi kuliko weupe, na figo zao huumia zaidi.

Mtu huzaliwa na jeni zinazomweka karibu na ugonjwa, lakini jeni peke yake mara nyingi hazitoshi. Mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akipata lupasi, mara nyingi mwenzake hapati. Kuna vitu vinavyosukuma. Jua kali huua chembe za ngozi na kuongeza takataka. Baadhi ya virusi huziamsha chembe B. Uvutaji wa sigara nao umo.

Pia kuna dawa chache ambazo kwa watu wachache huleta dalili kama za lupasi, na dalili hizo huisha dawa ikibadilishwa. Moja ni isoniazidi ya kifua kikuu. Tafadhali nielewe vizuri mama: usiache dawa ya kifua kikuu wala usimwachishe mtoto. Kifua kikuu kinaua. Ukiona viungo vinauma unapoitumia, rudi kliniki useme.

Kwa hivyo, mama mwenye lupasi hakulogwa, hakulaaniwa, wala si kwamba alikula kitu kibaya. Na hakuambukizwa na mtu, wala hataambukiza mtu. Kunyweni kikombe kimoja, lala naye kitanda kimoja, mpe mtoto ambebe.

DALILI ZA KUANGALIA

Fikiria mama wa miaka 27. Anaamka vidole vimekakamaa hawezi kukamua ng'ombe. Ana homa ya jioni. Anapimwa malaria, hakuna. Anapewa dawa ya taifodi, hapati nafuu. Ananunua vidonge vya maumivu dukani kila wiki. Nywele zinakatika, anadhani ni dawa ya nywele. Mwezi wa sita, uso na miguu inavimba. Kila dalili peke yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyeziweka pamoja.

Dalili za lupasi ni kama zifuatazo:

- Uchovu mwingi usioisha hata baada ya kupumzika.
- Viungo kuuma na kukakamaa asubuhi, hasa vidole, viganja na magoti.
- Homa za mara kwa mara bila sababu kuonekana.
- Baka usoni linalopita juu ya pua na mashavu mawili kama kipepeo. Kwenye ngozi nyeusi halionekani jekundu kama kwenye picha za vitabu. Laweza kuwa la kahawia iliyoiva au la zambarau.
- Mabaka ya mviringo kichwani, masikioni au usoni yanayoacha kovu na upara.
- Vidonda mdomoni, mara nyingi visivyouma.
- Kifua kuuma unapovuta pumzi.
- Upungufu wa damu usiopona kwa dawa za kuongeza damu.
- Mimba kuharibika mara kwa mara.
- Miguu au uso kuvimba, mkojo wenye povu jingi, au presha kupanda kwa mtu kijana.

Mtu mmoja hapati zote, na kuwa na moja haimaanishi una lupasi. Lakini ukiwa na kadhaa, na zimeendelea kwa wiki nyingi, nenda kituo cha afya na uzitaje zote kwa pamoja, hata zile unazoona hazihusiani. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kwenda.

VIPIMO

Kipimo rahisi na cha maana sana ni cha mkojo. Kijiti kinachovywa katika mkojo huonyesha kama kuna protini au damu inayovuja kutoka kwenye figo. Figo huumia bila maumivu, kwa hivyo usingoje kusikia uchungu. Presha pia ipimwe, na damu ihesabiwe.

Katika hospitali kubwa kuna kipimo cha kingamwili za kiini, kiitwacho ANA. Karibu kila mwenye lupasi huwa nazo. Lakini zipo pia kwa watu wengi wasiougua, kwa sababu kama tulivyosema, askari wachache wabaya hupenya kwa kila mtu. Kwa hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi kukuambia una lupasi. Daktari hukiangalia pamoja na dalili na vipimo vingine, kama kile cha kingamwili za DNA. Madaktari bingwa wa ugonjwa huu nchini ni wachache, wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa, kwa hivyo omba barua ya rufaa mapema.

DAWA, NA KWA NINI HATUTAKI KUONGEZA KINGA

Sasa tumefika pale nilipotaka tufike. Katika lupasi kinga haijashuka. Imeamka kupita kiasi na kulenga mahali pabaya. Dawa zake ni za kuwatuliza askari. Mtu akikuuzia chupa ya kuongeza kinga, muulize: unataka kumwongezea risasi askari anayenipiga mimi?

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini. Ni ndugu ya klorokwini, ile dawa chungu ya malaria tuliyoinywa zamani. Hapa haitibu malaria. Inazuia ile kengele ya uongo kulia. Hufanya kazi polepole, huchukua wiki hata miezi, kwa hivyo usiseme haisaidii baada ya siku 10. Macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5 ya kuitumia, au mapema zaidi ikiwa figo zina shida. Iweke juu, mbali na watoto, maana vidonge vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo.

Prednisoloni hutuliza uvimbe haraka. Lakini ikitumika kwa muda mrefu hujaza uso, hupandisha presha na sukari, na hudhoofisha mifupa. Daktari huipunguza kidogo kidogo kadiri ugonjwa unavyotulia. Usiikatize ghafla. Unapoitumia, tezi zako zinazotengeneza homoni kama hiyo hulala. Ukiacha kwa siku moja, mwili unabaki bila homoni hiyo na unaweza kuzirai na hata kufa.

Figo zikiguswa, kuna dawa zenye nguvu zaidi kama mikofenoleti, azathioprini na saiklofosfamaidi. Kwa sababu zinawapunguza askari wote, wazuri na wabaya, mama anayezitumia akipata homa asikae nyumbani.

Jihadhari na vidonge na sindano za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Zinaweza kuumiza figo ambazo tayari zina shida. Usizitumie bila kuuliza.

Na jua tusilisahau. Vaa mikono mirefu na kofia pana au leso, tumia mwavuli, fanya kazi ya shamba asubuhi mapema au jioni. Ngozi nyeusi haikukingi vya kutosha.

UJAUZITO NA MTOTO

Mama mwenye lupasi anaweza kuzaa mtoto mzima. Jambo kubwa ni kupanga. Shika mimba baada ya ugonjwa kutulia kwa angalau miezi 6. Mikofenoleti na saiklofosfamaidi huharibu mtoto tumboni, kwa hivyo lazima daktari azibadilishe mapema kabla hujashika mimba. Haidroksiklorokwini huendelea ukiwa mjamzito na unaponyonyesha. Usikose kliniki hata mara moja, na kila safari presha na mkojo vipimwe.

Kabla ya wakati huo, tumia njia ya kupanga uzazi. Mwambie muuguzi kwamba una lupasi, kwa sababu vidonge vyenye homoni ya estrojeni havifai kwa baadhi yenu. Vinaweza kugandisha damu. Zipo njia nyingine.

Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ndizo zinazomkinga miezi ya kwanza. Lakini baadhi ya akina mama wenye lupasi wana kingamwili iitwayo Ro, nayo hupita njia hiyo hiyo. Mtoto anaweza kuzaliwa na mabaka ambayo huisha anapofikisha miezi 6 hadi 8, kingamwili za mama zinapokwisha mwilini mwake. Kwa watoto wachache, kama 2 kati ya akina mama 100 wenye Ro, moyo hupiga polepole, na hilo halirudi lenyewe. Ndiyo maana mapigo ya moyo wa mtoto lazima yasikilizwe mara kwa mara ukiwa mjamzito.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

Je, lupasi ni sawa na UKIMWI? Hapana. Virusi vya UKIMWI huwaua askari, boma likabaki wazi. Katika lupasi askari wapo, ila wamekosea adui. Mmoja huletwa na virusi na huambukizwa, mwingine hauambukizwi.

Je, mtoto wangu achanjwe? Ndiyo, chanjo zake zote. Wewe mwenyewe, uliza daktari. Chanjo nyingi ni salama na unazihitaji. Zile zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, hazifai ukiwa kwenye dawa kali za kutuliza kinga.

Je, binti zangu watapata? Uwezekano wao ni mkubwa kidogo kuliko wa watoto wengine, lakini wengi hawapati. Hakuna haja ya kuwapima wakiwa wazima. Zijue dalili tu.

Je, itapona? Hatuna dawa ya kuimaliza. Tuna dawa za kuituliza, na mama wengi hufanya kazi, hulea na huzeeka nayo. Anayefia mikononi mwetu mara nyingi ni yule aliyechelewa au aliyeacha dawa alipojisikia nafuu.

ANDIKA HAYA

1. Viungo kuuma, uchovu, nywele kukatika, baka usoni na homa zisizoeleweka: zitaje zote kwa pamoja kwa daktari.
2. Omba mkojo upimwe. Figo haziumi.
3. Usinunue dawa za kuongeza kinga, wala vidonge vya maumivu vya kila wiki.
4. Usiache prednisoloni ghafla. Usiache haidroksiklorokwini ukijisikia vizuri.
5. Kimbia hospitali mara moja ukiona kifafa, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi, kifua kuuma, mkojo kupungua sana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au homa ukiwa kwenye dawa za kutuliza kinga.

Na wewe mume, mama mkwe au dada unayeishi na mgonjwa huyu: uchovu wake si uvivu. Siku hizo anazoshindwa kuchota maji, mwili wake uko vitani. Mbebee mtungi, mkumbushe dawa, na siku ya kliniki msindikize.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Mwambie jirani ambaye hakusikia.